Wivu Umerudi, Machozi Bado

Baba Zubeda,

Najua Mama Sauda ameshakufikishia habari zangu. Kila Ijumaa hufunga meza yake ya vitunguu pale Kalerwe mapema, akajitanda mtandio mweupe, akapanda boda mpaka makaburini, na huko hukaa karibu yako akaongea mpaka koo limkauke. Namjua mke mwenzangu, hajui kunong'ona. Naamini hata majirani zako wa huko chini sasa wanajua kwamba Mama Zubeda anameza vidonge vya wagonjwa wa akili. Ndiyo maana leo nimesukuma unga kando nikakaa mezani kukuandikia. Nataka habari zangu uzisikie kwangu mimi, mke wa kwanza, na kwa Kiswahili cha kwetu cha kambi ya askari nilikokulia, si kile chake ambacho mtu ni "mutu" na mgonjwa ni "mugonjwa".

Usicheke. Kiswahili hichohicho ndicho kilichokupendeza ukaenda kuoa.

Nianzie pale ulipoondoka. Ulianguka gereji, Kisenyi, kichwa kikiwa ndani ya boneti ya lori na spana mkononi. Presha, walisema. Walinipigia simu mimi kwanza, na hilo mpaka leo nalishikilia, kwamba mimi ndiye niliyepigiwa kwanza. Lakini nilipofika hospitali nikamkuta Mama Sauda ameshafika. Sijui alipita njia gani. Alikuwa ameketi sakafuni, viatu vimemtoka, analia kwa sauti iliyowafanya wauguzi waache kazi wamtazame. Mimi nikasimama mlangoni na pochi yangu kwapani, nikangoja nilie. Nilingoja vile tunavyongoja maji ya bomba yakikatika, ndoo tayari, masikio yameelekea bombani. Hayakuja.

Tulipotoka kukuzika, kaka yako Rajabu akakaa na wazee, wakatoa uamuzi wao. Miaka yote wewe ulituweka mbali, mimi Kawempe, yeye nyuma ya soko la Kalerwe, tukutane Idi tu, tena mbele ya watu. Shemeji akaona amepata akili kuliko wewe. Alisema, "Wajane wawili, musiba moja. Kwa nini wageni wazunguke nyumba mbili? Mama Sauda ahamie kwa mukubwa, wakae eda pamoja." Hakuna aliyemkumbusha kwamba mjane hukaa eda nyumbani kwake mwenyewe. Mama Sauda akaja na godoro lake, bintiye, na gunia la vitunguu, akaingia chumba changu. Chumba chetu, Baba Zubeda. Godoro lake likatandikwa sakafuni, upande wako.

Wakati mwingine ningepasua ukuta. Unanijua. Lakini nilimtazama akitandika shuka lake pale, nikageukia ukutani.

Hapo ndipo watu walipokosea, na mimi nikawaacha wakosee. Eda unaijua inavyotaka: mjane asitoke, asijipambe, asipake hina wala marashi, avae nguo isiyo na maringo, akae na msiba wake miezi ile minne na siku zake. Basi mimi nilikuwa sitoki, sijipambi, sitaki hata kioo. Nilikuwa nalala upande mmoja tangu alfajiri mpaka waniite kuswali, na kuswali kwenyewe nilikuwa nasahau niko rakaa ya ngapi. Chakula kilikuwa mdomoni kama pamba. Wanawake wa mtaani walipokuja na sukari na majani ya chai, walinikuta hivyo, kimya, macho makavu, wakanong'onezana nikisikia: "Bambi, maskini, huyu ndiye mke. Tazama, hata machozi yamemuishia."

Halafu wanageuka kumtazama Mama Sauda. Yeye alikuwa analia asubuhi ukisikia mpaka barabarani, na saa sita anakula matoke sahani nzima, anaomba mchuzi uongezwe. Anakumbuka jinsi ulivyokuwa unakoroma, anacheka mpaka anajifuta macho, na kicheko kikiisha analia tena. Simu ikilia anapokea, anauliza bei ya vitunguu imefika wapi. Akilala analala kweli, mdomo wazi. Wale wanawake wakawa wanamtazama kwa pembe ya jicho. Mmoja alisema, "Huyo mudogo ameshasahau. Huyo atatoka eda na bwana mwingine."

Nikashinda, Baba Zubeda. Tangu ulipomleta yule mwanamke katika maisha yetu nilikuwa natafuta namna ya kumshinda, kwa pilau, kwa usafi, kwa kusomesha mtoto, kwa kukunyooshea kanzu. Na sasa nimemshinda nikiwa nimelala. Mtaa mzima uliamua kwamba mimi ndiye niliyekupenda. Niliusikia ushindi huo ukipita juu yangu na sikuona utamu wowote, ila nilijua ni wangu, na sikutaka mtu aniondolee.

Lakini wewe unajua ukweli, kwa sababu wewe uliuona kabla.

Unakumbuka nilivyokuwa? Nilikuwa mwanamke wa wivu, na sijawahi kuuonea haya. Ukirudi kutoka kwake nilikuwa nakunusa shati mlangoni kabla sijajibu salamu. Siku hizo nilikuwa nasaga pilipili kwa hasira, na hasira yote inaingia kwenye nyama ya sambusa. Abdi, yule Msomali mwenye duka la jumla anayenunua sambusa zangu tangu Zubeda akiwa mgongoni, alikuwa akiuma moja tu anajua. Anakohoa, anaita maji, halafu anapiga kelele duka zima lisikie: "Mama Zubeda! Leo bwana amelala wapi?" Kisenyi yote ilikuwa inajua ratiba yako kwa ukali wa sambusa zangu. Wewe ulikuwa unaziita pilipili za Kalerwe, na ulikuwa unazila hizohizo ukitoka jasho, unajifanya huelewi.

Halafu ikaja ile hali. Hakufa mtu. Hukunikosea lolote jipya. Zubeda alikuwa ameshaolewa Jinja salama, nyumba ilikuwa na paa, sambusa zilikuwa zinatoka. Ilikuwa msimu wa zile mvua zilizobomoa ukuta wa choo. Siku moja nilikaa mbele ya manda zangu za sambusa, nyama tayari, mafuta yamechemka, na sikuweza kuinua mkono kukunja ya kwanza. Sikuwa na huzuni. Hilo ndilo ningependa uelewe, kwa sababu nilipojaribu kukueleza ulipokuwa hai, ulikuwa unaniuliza, "Nani amekuudhi?" Hakuna aliyeniudhi. Huzuni naijua, mama yangu alipokufa nililia hadi nikavimba uso, na katikati ya kulia nilisikia njaa, nikala, nikawapigia kelele watoto wa dada yangu waache kuchezea moto. Nilikuwa na huzuni lakini mimi nilikuwepo. Safari hii hakukuwa na huzuni, na mimi pia sikuwepo. Mikono ilikuwa ya mtu mwingine, mizito, na kichwani kulikuwa na sauti moja tu inayorudiarudia kwamba sifai kitu.

Niliendelea kukunja sambusa, lakini zilikuwa zinatoka bila ladha. Abdi aliuma, akatafuna, akanitazama, hakuita maji. Ulipotoka Kalerwe ukabisha hodi nikakufungulia, sikunusa shati. Ukasema kwa mzaha, "Pilipili zimekwisha sokoni?" Baadaye mzaha ukakuishia. Jioni moja ulikaa kwenye kiti chako, umevua kofia, ukaniuliza polepole, "Siku hizi hunigombezi. Umeniacha?"

Nilikujibu kwamba nimechoka. Niliona uso wako umeingia hofu, na hofu hiyo nayo haikunifikia.

Ndugu zako walikuwa na jibu lao: wivu wa mke mwenza umemkausha. Wakati ule ambao sikuwa na chembe ya wivu ndio waliosema naugua wivu. Ukafa, wakabadilisha, wakasema msiba. Kila mara walinipa sababu, na mimi nikaichukua, kwa sababu mtu akikuuliza una nini ni aibu kusema huna.

Sasa nikueleze siku ya kutoka eda, maana najua Mama Sauda ameisimulia akijiweka yeye mbele.

Wanawake walijaa uani. Masufuria mawili ya pilau yalikuwa motoni, mmoja wao alikuwa ameshaleta udi, na shemeji alitushonea magauni mawili ya kitambaa kimoja ili tusigombane. Mama Sauda aliingia kuoga asubuhi. Akakaa huko muda, anajisugua, anaimba, analia kidogo, anaimba tena. Alipotoka amevaa gauni lake, Baba Zubeda, alikuwa mzuri. Nasema kwa kinywa changu. Uso umepungua, macho bado mekundu, lakini alisimama kwenye jua akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu aliyeshusha mzigo njiani apumzike, anayejua ataubeba tena lakini sasa anapumzika. Nilimwona kupitia dirishani. Nikaona kwamba huzuni yake imetembea naye kutoka ule mlango wa hospitali mpaka hapa, na yangu haijapiga hatua.

Wakaja kuniita mimi. Sikuinuka. Wakaleta beseni chumbani, wakanisemesha, wakanivuta mkono, mkono ukarudi kitandani. Basi wakaanza tena sifa zao. "Hataki kutoka kwa bwana wake." "Mapenzi ya zamani hayo." Mmoja akaanza hata kulia kwa ajili yangu, machozi yale ambayo mimi sikuyapata.

Mama Sauda akawasukuma akaingia, gauni jipya, maji bado yanamtiririka shingoni. Alinitazama. Halafu akageuka, na wote uani wakamsikia: "Nyie mutamuua huyu mutu na masifa yenu! Huyu si kulia. Mimi ndiyo nalia, mimi najua kulia iko namna gani. Huyu mutu ni mugonjwa, na alikuwa mugonjwa muzee akiwa muzima. Muzee mwenyewe aliniambia."

"Aliniambia."

Nilikuwa nimelala na uso ukutani, na neno hilo likanichoma mahali, kidogo tu, kama mwiba kwenye kisigino kilichokufa ganzi. Sikulitambua wakati ule. Nilijua tu kwamba nimegeuka kumtazama, na kugeuka kwenyewe kulikuwa kazi.

Jioni wageni walipokwisha aliniambia yote, akiwa amekaa kwenye godoro lake, upande wako. Alisema ulikwenda kwake siku moja, ukakataa chakula, ukalia. Ulilia, Baba Zubeda! Miaka yote ya ndoa yetu sikuona chozi lako, hata ulipomzika baba yako. Machozi yako ya kwanza yalikuwa kwa ajili yangu, na ukayamwaga kwenye nyumba ya mwanamke mwingine. Ukamwambia, "Mama Zubeda haoni wivu tena. Kuna kitu kimemchukua." Ukamwambia Ramadhani ikiisha utanipeleka kwa daktari. Na ukamwambia kwamba ukitangulia wewe, yeye asiniache.

Kwa nini hukuniambia mimi? Nakuuliza hivyo nikijua jibu, kwamba mimi nisingekusikia. Lakini nakuuliza.

Kesho yake akanipeleka. Si kwamba nilikubali; sikuwa na nguvu ya kukataa. Alinivisha lile gauni jipya kama mtoto, akanifunga viatu, akanikalisha kati yake na dereva wa boda ili nisidondoke, akiongea njia nzima. Rajabu alikuwa amependekeza kwanza tutafute mtu wa kufukuza mashetani. Mama Sauda akamjibu, "Shemeji, mashetani yatangoja kwenye foleni," na tukaenda.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko nilivyotaka, miwani inamteleza puani. Mama Sauda alipoanza kujibu maswali yote niliyoulizwa mimi, daktari akamwomba kwa adabu akangoje nje. Hapo nikaulizwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Si nani ameniudhi. Aliniuliza naamka saa ngapi, chakula kina ladha gani, ni lini mara ya mwisho kitu kilinifurahisha hata kidogo, na kama huwa nafikiri watu wangu wangekuwa nafuu bila mimi. Kwa hilo la mwisho nikasema ndiyo. Nilikuwa nimelifikiria kwa utulivu, kama mtu anayepanga kuhama, na kwa sababu ya utulivu huo sikujua kwamba ni jambo la kutisha. Yeye hakushtuka wala hakunihubiria. Alisogeza kiti karibu, akasema ahsante kwa kumwambia, na kwamba habari hiyo hataniacha nibaki nayo peke yangu.

Akaniambia ugonjwa huo unaitwa sonona. Akasema aliyefiwa huumia, lakini maumivu yake yanakwenda na kurudi, na katikati anaweza kula, kucheka, kupokea mkono wa mwenzake. Na hata akilia anajua analia nini. Sonona haimlilii mtu. Inakaa pale pale, inazima ladha ya vyote, vya huzuni na vya furaha, halafu inakwambia kosa ni lako. Akasema mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, na kwamba kwangu sonona ilikuwa imekaa juu ya msiba kama kifuniko. Msiba uko chini, haujapata njia.

Nikamwuliza jambo la kijinga. Nikamwuliza, basi yule mwanamke aliyeko nje, yeye ana nini? Akatabasamu kidogo akasema, "Yule mama amefiwa na mume wake. Atalia, na atapona kwa namna watu wanavyopona."

Nikatoka nje nikamkuta ameketi kwenye benchi, anamsimulia mtu asiyemjua habari zako, analia, anatafuna karanga. Nikamwonea kijicho, Baba Zubeda, kile cha akilini tu, kisichokuwa na moto. Nilitaka huzuni yake. Ile yenye jina lako juu yake, inayoletewa chai na wageni, inayolala usingizi na kuamka na njaa. Amepata miaka michache ya ndoa yako, akapata machozi yako, na sasa amepata hata kufiwa na wewe. Mimi niliyekuwa nawe tangu ukiwa mwanagenzi wa kumshikia fundi taa, nimepata vidonge.

Na habari zikaenea, kwa sababu yeye ndiye aliyezieneza. Alisimama mezani kwake Kalerwe akamweleza kila mnunuzi wa vitunguu kwamba mukubwa wake ni mgonjwa, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa, na anayetaka kucheka aje acheke mbele yake. Wanawake wetu wa mtaani wakapoa. Wengine waliacha kuja. Na sifa zile walizonipa wakazichukua wakazipeleka kwake. "Kumbe yule mudogo ndiye alikuwa na mapenzi. Huyu mwingine alikuwa tu mugonjwa wa kichwa." Nilisikia hivyo kwenye foleni ya maji. Ule ushindi wangu wa kulala ukaniondoka.

Basi nikaacha vidonge. Wewe hutashangaa. Niliwaza, nikivimeza na nikasimama, itathibitika kwamba haukuwa msiba. Nikibaki nimelala, pengine watasema tena kwamba nilikufa kwa mapenzi yako. Nilikuwa tayari kufa ili nishinde. Nimeliandika hili nikalisoma tena, na sasa ndiyo linanitisha.

Mama Sauda aligundua kwa sababu kopo lilikuwa halipungui. Nilitarajia kelele. Safari hii alinong'ona, mara ya kwanza tangu nimjue. Alikaa kitandani kwangu, si kwenye godoro lake, mikono inanuka vitunguu. Akasema, "Mama Mukubwa, mimi sitaki kushinda mutu mugonjwa. Hiyo haina utamu. Wewe pona kwanza, halafu tupigane."

Akanipa kidonge na maji. Nikameza. Kesho yake akanipa tena.

Haikuwa haraka. Daktari alikuwa ameniambia dawa itachukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, na nisiiache nikianza kupata nafuu, na nirudi kwake tuongee, si kuchukua vidonge tu. Nilirudi. Narudi bado. Zubeda anapiga simu kutoka Jinja kila siku kuniuliza nimekula nini, na hakubali jibu la "kidogo tu". Siku moja nikasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa na nikajua ni nzuri. Siku mbili tatu baadaye ikapotea tena, nikafikiri yote yamekwisha, halafu ikarudi. Kuna asubuhi bado ninaamka nikiwa chini kabisa. Sikudanganyi.

Lakini sikiliza kilichotokea wiki iliyopita.

Tulikuwa tunamenya vitunguu, mimi na yeye, uani. Anasimulia habari zako, kama kawaida yake. Akasema asubuhi za mvua ulikuwa unaamka kabla yake, unampashia maji ya kuoga, unamwekea beseni mlangoni na kanga juu yake maji yasipoe. Alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaendelea na kitunguu kingine.

Mimi hukuwahi kunipashia maji. Kwangu ulikuwa unaamka unauliza chai iko wapi.

Kitu kikapanda kutoka tumboni, Baba Zubeda, kikapita kifuani, kikaja mpaka masikioni. Moto! Masikio yaliniwaka. Nilitupa kisu kwenye beseni nikamwambia, "Maji? Na kanga juu?" Mama Sauda akaniangalia, akaona uso wangu, na yule mwanamke mwenye wazimu akaanza kucheka na kupiga makofi, "Banange! Mukubwa amekasirika! Mukubwa amerudi!" Nilitamani kumchapa. Nilitamani kukuchapa wewe. Sikuwa nimetamani kitu chochote kwa muda mrefu namna ile. Niliinuka, nikaingia jikoni, nikachukua pilipili zote zilizokuwepo, nikazisaga kwa mikono yangu miwili, hii yangu mwenyewe, mpaka macho yakawasha.

Kesho yake nilibeba sambusa mwenyewe mpaka Kisenyi. Abdi amezeeka kidogo. Alifurahi kuniona, akachukua moja akiwa bado anapanga katoni, akauma. Akakohoa. Akaita maji. Uso ukamwiva, na kwa mazoea ya miaka yote ile, kabla hajajua anasema nini, akapiga kelele duka zima lisikie: "Mama Zubeda! Leo bwana amelala wapi?"

Halafu akaziba mdomo kwa mkono. Akaanza kuniomba radhi, "Mama, nisamehe, mama, nilisahau," na macho yake yakajaa maji.

Mimi nilikuwa nimesimama na karai langu. Na nilikuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza tangu ule mlango wa hospitali, nilijua mahali ulipolala. Hukulala kwangu. Hukulala kwake. Huzuni ikaniingia, na iliuma, Baba Zubeda. Iliuma vizuri. Ilikuwa na jina lako, na uso wako, na lile shati lako la kazi lenye grisi. Nilifikiri sasa nitalia, nikasogea ukutani nipate pa kuegemea. Chozi lilifika jichoni likasimama. Halikudondoka. Abdi alinipa kiti na chai ya maziwa, na nikanywa yote.

Nimemweleza daktari. Amesema tusilivute, litakuja lenyewe. Sijamweleza Mama Sauda. Hilo ni langu, na ukimsikia anakuhadithia ujue anakudanganya.

Yeye anarudi kwake Kalerwe mwisho wa mwezi. Godoro limeshafungwa. Nitapata upande wako wa chumba, na kusema kweli sijui nitalalaje bila kukoroma kwake, lakini usimwambie. Ameniambia Ijumaa hii twende makaburini pamoja, na nimekataa.

Kwa hiyo lala salama, mume wangu. Nakuahidi vidonge nitameza mpaka daktari aseme basi, na siku ile sauti ikija kuniambia sifai nitamwita mtu, hata kama mtu huyo ni yeye. Sitafuti tena kufa ili nionekane nilikupenda. Nitaishi, na nitakulilia ninavyotaka, kelele mpaka barabarani, halafu nitakula sahani nzima ya matoke na kuomba mchuzi. Siku hiyo nitakuja kwako. Nitakuja asubuhi, na birika la maji ya moto, niyamwage taratibu pembeni ya kaburi, ukumbuke deni lako.

Na nitakuja peke yangu. Yeye ameshakuja vya kutosha.

Mkeo wa kwanza,
Mama Zubeda